Miganda ya Suhanda

Anayekwenda kuuza hurudi mwepesi. Hilo halihitaji shule. Kwa hiyo Ambu Karsih alipomwona mkwewe akipanda njia ya mawe kutoka barabara ya chini, mgongo umempinda kwa uzito wa kikapu, aliacha kugeuza pilipili alizokuwa ameanika kwenye ungo, akatazama vizuri. Asubuhi Yoyoh aliteremka na sukari guru, ameifunika kwa jani la mgomba kama inavyofunikwa siku zote isije ikatoka jasho. Sasa alikuwa anarudi, jani lipo juu vilevile, na kikapu kinamlemea kuliko alivyokwenda nacho.

"Umekuja na nini?" alimuuliza.

"Chumvi, Ambu. Na sabuni."

Chumvi gani ya kumpinda mwanamke aliyezoea kubeba kuni? Ambu Karsih hakuuliza. Shaka ina tabia yake: swali la kwanza hulitoa mdomoni, la pili hulimeza, na kuanzia hapo mtu haulizi tena, anachungulia tu. Alimtazama Yoyoh akiupita mlango wa nyumba na kwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kupikia sukari, nyuma ya migomba, akakaa huko kitambo, kisha akatoka na pakiti za chumvi na kipande cha sabuni. Kikapu kilibaki kibandani.

Yoyoh alikuwa mjane wa Suhanda, na Suhanda alikuwa mtoto wa pekee wa Ambu Karsih. Alikuwa mgema na mkulima, mtu wa mizaha, na alianguka kutoka juu ya mti wa kugema mwaka juzi, mvua inanyesha, mavuno yakiwa ndiyo kwanza yameingia ghalani. Aliacha mke, akaacha binti mdogo aitwaye Tita, na akaacha miganda ya mpunga aliyoivuna na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe, imepangwa nyuma kabisa ndani ya ghala. Watu wengine hubakiwa na picha. Ambu Karsih alibakiwa na mpunga. Kila jioni alikaa barazani, uso kwenye ghala, akijua kwamba nyuma ya ukuta ule wa mianzi kuna kitu ambacho vidole vya mwanawe vilikigusa, na moyo wake ukatulia kidogo.

Sasa fikiri mtu aje auze kitu hicho.

Huko Cihalimun, kijijini kwao, mpunga hauuzwi. Sukari uza, tangawizi uza, ndizi, mbuzi, hata mlango wa nyumba yako ukitaka uza, watakucheka tu. Lakini mpunga ni mwili wa Nyi Pohaci, bibi wa mashamba, na mtu hamuuzi bibi yake. Unaweza kumpa jirani, ukamkopesha, ukamlisha mgeni mpaka ashindwe kuinuka. Ukiuza hata konzi moja, unafunga vyombo vyako unateremka kilima, huonekani tena. Na kama una mtoto, mtoto hubaki na ukoo wa baba yake. Wala mpunga hauhesabiwi. Mwaka mmoja walikuja watu wa wilaya, vijana wapole wenye viatu visivyofaa kwa matope, wanaandika wasifu wa kila kijiji kisichojulikana. Wakauliza kila nyumba ina miganda mingapi. Wakajibiwa, "Ipo." Wakauliza tena, wakaletewa kahawa na mihogo ya kukaanga. Waliondoka wameshiba, kwenye karatasi zao pale pa mavuno pakiwa patupu, na kijiji kikabaki hakijulikani kama kilivyokuwa.

Ndiyo maana Ambu Karsih hakuweza kufanya jambo ambalo wewe na mimi tungelifanya, yaani kupanda ngazi na kuchungulia. Ghala lina mwanamke mmoja tu. Siku ya harusi mama mkwe humfunga mkwewe kitambaa cheupe kichwani, na tangu hapo ni yeye peke yake anayepanda, siku zilizoruhusiwa, amefunga mdomo, akashusha mganda wa kuliwa. Kitambaa kikishatoka hakirudi. Ambu Karsih alikitoa kwa furaha, maana magoti yalikuwa yameanza kumsumbua na bibi harusi alikuwa mchapakazi. Sasa alijuta kama mtu aliyempa mwizi funguo akamwambia na njia.

Wasiwasi ndiyo akili, alijiambia. Akaanza kuangalia.

Aliona mengi, maana macho yenye shaka hayakosi cha kuona. Aliona kwamba Yoyoh amekonda. Mwanamke mwenye ghala anakondeshwa na nini, kama si mtu aliye moyoni mwake? Aliona kwamba hali nao. Akishawapakulia yeye na Tita hujifuta mikono, husema sukari itaungua, akaenda kibandani. Ni kweli sukari haiachwi peke yake motoni. Lakini mbona enzi za Suhanda iliachwa, wakakaa wote mkekani, wakacheka mpaka majirani wakauliza kuna nini? Aliona pia kwamba siku ya kushusha mganda Yoyoh hukawia ghalani, na akitoka macho yake ni mekundu. Vumbi, alisema. Ambu Karsih alilipanda ghala lile tangu siku ya harusi yake, na vumbi lake alilijua.

Halafu kulikuwa na Bi Acah, jirani wa upande wa chini, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa. Alikuja kuomba pilipili, akakaa.

"Mimi sisemi kitu, Ambu," alianza, na mtu akianza hivyo ujue amebeba mzigo mzima. "Ila nilikuwa barabarani na ndizi zangu. Yule Dirja, mchuuzi mwenye pikapu, unajua anavyomsemesha mkweo? Mdogo wangu, leo umechelewa. Mdogo wangu, nimekuwekea. Sauti laini, utadhani anabembeleza nyati avuke mto."

"Wachuuzi wote wana sauti laini."

"Kwangu mbona hana? Mimi ananiita mama ndizi."

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini, Acah? Chukua hizi ulizokuja kuomba."

Alimjibu hivyo kwa sababu hakutaka Bi Acah aone kwamba neno limeingia. Lakini lilikwisha kuingia, likatafuta mahali, likakaa. *Nimekuwekea.* Amemwekea nini?

Jibu alilipata kesho yake, au alidhani amelipata. Alikuwa anaokota kuni karibu na kibanda cha sukari akaona kuku wake wanadonoa kitu mlangoni. Aliinama. Zilikuwa punje za mchele, nyeupe, laini, zimeng'arishwa kwa mashine. Mchele wa ghala hutwangwa kwa kinu na hubaki na wekundu wake. Huu ulikuwa mchele wa dukani, ule usioruhusiwa hata kukaribia jiko kuu la nyumba. Ambu Karsih aliziokota punje tatu nne, akazifunga kwenye pindo la khanga yake, na siku nzima alitembea nazo akizigusagusa kama mtu mwenye jino bovu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa akiisikia methali hiyo tangu utotoni, hakujua kwamba siku moja ataivaa.

Siku ya soko iliyofuata alimwambia Tita abaki kwa kina Bi Acah, akamtanguliza Yoyoh aondoke, kisha akateremka mwenyewe. Magoti yalimlaani kila jiwe. Alipofika chini alijibanza nyuma ya kichaka cha mianzi, bibi wa watu, mama mzima, kama mwizi wa kuku. Pikapu ya Dirja ilikuwa imesimama kando ya barabara. Yoyoh alimpa kikapu kimefunikwa. Dirja hakufunua. Alikinyanyua tu, akaupima uzito kwa mkono, akakipitisha upande wa pili wa gari ambako macho ya Ambu Karsih hayakufika, akakimwaga huko. Kisha alifungua gunia na kuanza kupima mchele mweupe, akaumimina kwenye kikapu kilekile, na Yoyoh akarudisha jani juu.

Dirja akasema jambo. Yoyoh akacheka.

Hicho kicheko ndicho kilichomchoma kuliko mchele. Hakuwa amekisikia tangu mazishi. Kumbe kipo, huwa kinatunziwa watu wa barabarani. Pale nyuma ya mianzi, jasho linamtoka, alipanga mambo yote yakapangika: mpunga wa mwanangu unashuka, mchele wa gunia unapanda, na kinachobaki katikati wanagawana. Kila kitu kilikaa mahali pake. Mambo yakikaa vizuri namna hiyo mtu hukosa sababu ya kuyatazama mara ya pili.

Alipanda kilima kwa njia ya mkato, akafika kwanza. Yoyoh aliporudi aliweka kikapu kibandani, akachukua jembe akaenda kwenye matuta kuziba mfereji uliokuwa unavuja. Ambu Karsih aliingia kibandani. Palikuwa na karai la sukari, mafiga, ndoo, na nyuma ya kuni, sufuria dogo jeusi lenye kifuniko. Alifunua. Wali mweupe wa jana, umepoa, na kipande cha samaki mkavu juu yake. Alionja. Haukuwa na harufu wala utamu, ulikuwa kama kutafuna uzi. Akatema.

Sufuria la mtu mmoja. Mtu yupi? Mwenye nyumba yake ana jiko lake, ana ghala lake. Anayelishwa kwa kificho nyuma ya kuni ni mtu ambaye hapaswi kuonekana. Mlinzi wa msitu, pengine. Au mmoja wa wale vibarua wa mashamba ya chai. Mwenye shaka hakosi majina.

Jioni, wakiwa wanapepeta, alimjaribu.

"Yoyoh, ghala likoje?"

"Liko vizuri, Ambu."

"Na miganda ya Suhanda?"

Ungo wa Yoyoh ulisimama kidogo. "Sijaigusa."

"Utaapa?"

"Nisiape, Ambu," alisema taratibu. "Viapo vimetosha katika nyumba hii."

Akaendelea kupepeta. Ambu Karsih alimwangalia, akaona jibu la mtu mwenye hatia, maana asiye na hatia huapa haraka, tena kwa sauti. Usiku huo alilala na Tita kifuani, akinusa nywele zake, na akajiambia kwamba anachotaka kufanya anakifanya kwa ajili ya mtoto huyu na baba yake. Kitu kimoja tu hakujiambia: kwamba alikuwa anangoja kwa hamu kumwona Yoyoh akiteremka kilima.

Abah Wirya, mshika mila wa kijiji, Ambu Karsih alimkuta ukingoni mwa bwawa lake akiwatupia samaki majani ya mihogo. Hakuwa mtu wa kupenda kesi. Alikuwa na jino linalomuuma tangu mavuno, na kesi za wanawake wa nyumba moja zilimuuma kuliko jino. Alisikiliza yote, punje, kicheko, sufuria, kisha akauliza kama amemwona Yoyoh kwa macho yake akitoa mpunga. Ambu Karsih alisema mwenye macho haambiwi tazama. Abah akasema hilo si jibu.

"Karsih, sikiliza. Ghala la mtu halifunguliwi kwa shaka hivihivi. Nikilifungua na shaka ikawa kweli, Yoyoh ataondoka na mtoto atabaki kwako. Ikiwa si kweli, mwenye neno ni yeye. Akitaka kuondoka ataondoka, na mtoto ataondoka naye, na hutakuwa na la kusema. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Una hakika?"

Samaki walikuwa wanagombania majani. Alimwona Tita akiteremka kilima mgongoni mwa mama yake, akaifukuza picha hiyo haraka.

"Nina hakika, Abah."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja; kufikia siku ya ghala kijiji kizima kilikuwa kinajua. Walikuja wakijifanya wanapita. Bi Acah alikuja na mtoto wa mtu mgongoni ili aonekane ana kazi. Yoyoh alitoka kibandani mikono ina sukari, akawaona wote wamesimama mbele ya ghala, akamtazama mama mkwe wake. Alifungua kitambaa cheupe kichwani mwake, akamkabidhi Nini Arum, yaani Bibi Arum, mke wa Abah, kwa mikono miwili. Huyo bibi kizee, mkavu kama kuni, ndiye aliyeruhusiwa kupanda kwa niaba ya mila.

Alifunga kitambaa, akafunga mdomo, akapanda ngazi polepole. Mlango mdogo wa juu ukafunguka, miguu yake ikapotelea ndani. Watu walisikia mianzi ikilia alipokuwa anasogea, mbele, kisha nyuma, kisha kimya. Ambu Karsih alishika nguzo ya baraza. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, na aibu ni kwamba mbio zile zilikuwa na furaha ndani yake.

Nini Arum akashuka. Aliyetoka ghalani haongei mpaka asukutue, na alisukutua kwa raha zake, akatema, akasukutua tena, akafuta kidevu. Abah alikuwa ameshikilia shavu lake upande wa jino.

"Limejaa," alisema Nini Arum. "Nimekosa pa kuweka goti."

"Mbele limejaa," Ambu Karsih akadakia. "Nyuma je? Ya Suhanda?"

"Ya Suhanda ipo kama ilivyoingia. Na iliyo mbele yake ni ya mwaka jana na ya mwaka huu, imebanana mpaka paa." Alimgeukia mumewe. "Sikuhesabu. Lakini nimeshika ghala tangu hawa hawajazaliwa, najua nyumba ya watu watatu inavyokula. Ghala hili linalisha mtu mmoja na nusu."

Mtu mmoja na nusu. Ambu Karsih alilisikia neno hilo, akaligeuza, halikukaa. Yeye ni mmoja. Tita ni nusu.

"Yoyoh," Abah akaita. "Kuna sufuria kibandani kwako. Nani anakula?"

"Mimi, Abah."

"Mchele wa Dirja?"

"Ndiyo. Nampa sukari iliyobaki baada ya matumizi ya nyumba. Sijaupika jiko kuu hata siku moja."

"Tangu lini unakula huo?"

"Tangu alipozikwa Suhanda."

"Kwa nini?"

Yoyoh aliinamisha uso. Abah aliuliza tena, kwa upole zaidi, na Yoyoh akatikisa kichwa tu. Hapo ndipo Ambu Karsih alipoona jambo la ajabu: watu walikuwa hawamtazami Yoyoh, walikuwa wanamtazama yeye. Kisha wakaangalia chini. Bi Acah mwenyewe, ulimi wote ule, alikuwa anakagua vidole vya miguu yake.

"Hawezi kusema," Nini Arum alisema. "Neno la mbele ya maiti halirudiwi. Ukilirudia umelisema upya, na yeye hataki lisemwe upya. Basi nitasema mimi, mimi ni mzee, likinipata halitanikuta mbali na kaburi." Akamsogelea Ambu Karsih mpaka wakawa karibu kama wanaotaka kunong'ona, lakini hakunong'ona. "Siku ile, mwili wa mwanao umelazwa hapa, hapa chini ya ghala, ulimshika huyu bega ukamwambia: mpunga wa mwanangu usipite kooni mwako, ukipita, ukukabe. Tulisikia sote, Karsih. Tukasema ni uchungu, utapita. Tukaenda kupika."

Ambu Karsih alifungua mdomo akanushe. Alitafuta siku ile kichwani mwake, akakuta mvua, matope, harufu ya nguo mbichi, miguu ya Suhanda imetokeza kwenye mkeka. Maneno hayakuwepo. Lakini aliyatambua kuwa ni yake, kama mama anavyokitambua kikohozi cha mwanawe katikati ya watu. Alikuwa na hasira siku ile. Alitaka kujua kwa nini mke alimwacha mumewe apande mti mvua inanyesha, na kwa kuwa hapakuwa na jibu, alisema alichosema. Yeye alisema akasahau. Mwenzake alikaa nayo miaka miwili.

Miaka miwili Yoyoh alipanda mpunga amezama matopeni mpaka magotini. Aliupalilia, akawafukuza ndege, akauvuna shuke kwa shuke kwa kisu kidogo kilichofichwa kiganjani ili mpunga usishtuke. Akaubeba, akaupandisha ghalani, akaushusha, akautwanga, akawapakulia wengine. Kisha akaenda nyuma ya kuni kula uzi. Alikuwa akikonda mbele ya macho ya Ambu Karsih, na Ambu Karsih alikuwa anatafuta jina la mwanamume.

Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani ardhi impokee.

Abah Wirya alivuta pumzi. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," alisema. "Wazee walituachia methali hiyo, hawakutuachia dawa ya aliyekwisha kujikwaa. Neno lile mimi sina uwezo wa kulifuta, na sijui nani anao. Ila hukumu ya leo naijua. Yoyoh, ghala halina doa. Ukitaka kushuka na mtoto wako, shuka, hakuna wa kukuzuia. Ukitaka kukaa, kaa. Hatukuulizi sababu."

Yoyoh alipokea kitambaa chake. Alisema sukari iko motoni, akarudi kibandani. Watu wakatawanyika kwa haraka ya watu waliokumbuka kazi. Bi Acah alitaka kusema kitu, akaangaliwa, akakiweka akiba.

Ambu Karsih alikaa barazani mpaka kivuli cha ghala kikafika miguuni mwake. Kisha akainuka akaenda kibandani. Yoyoh alikuwa anakoroga karai. Pembeni yake, juu ya kuni, palikuwa na fungu la nguo za Tita zimekunjwa.

"Utakwenda?"

"Kaka yangu yuko bondeni. Ananiita siku nyingi."

"Na Tita?"

"Tita ni mwanangu, Ambu."

Alisema bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ambu Karsih alitamani kupiga magoti, lakini magoti yake yangeanza kelele na angeonekana anatafuta huruma. "Nilisema," alitamka. "Sikumbuki, lakini ni mimi niliyesema. Hakuna mwingine mwenye ulimi kama ule." Akatazama moto. "Leo ghala limefunguliwa, haijawa mwiko bado. Nishushie mganda mmoja."

"Upi?"

"Wa Suhanda."

Yoyoh aliacha kukoroga. "Hiyo Ambu hutaki iguswe."

"Nishushie."

Yoyoh alinawa mikono, akafunga kitambaa, akapanda. Alikawia huko juu kama kawaida yake, na safari hii Ambu Karsih alijua anakawia kufanya nini, akamwacha. Mganda uliposhuka ulikuwa mwepesi, mkavu, na unanukia moshi wa zamani. Ambu Karsih aliupokea, akaukumbatia kidogo, hakuona haya. Kisha akafungua fundo la mwanawe kwa kucha zake, akautia kinuni.

Alitwanga mwenyewe. Kijiji kilikuwa hakijausikia mchi wake miaka mingi. Ulikuwa na mapigo yaliyochoka, unapumzika, unaanza tena. Tita alikuja akataka kusaidia, akaambiwa akae aangalie. Alipepeta, akapika jiko kuu kwa mvuke, akaumwaga wali kwenye sinia la mti akaupepea kwa kipepeo mpaka ukaacha kutoa jasho. Harufu yake ilijaa nyumba nzima. Ilikuwa harufu ya mwaka ule, kabla ya mvua ile, na ilimwuma na ikambembeleza kwa wakati mmoja.

Akapakua sahani moja. Akaiweka mkekani, mahali ambapo Yoyoh alikuwa akikaa zamani, akamwita.

Yoyoh alikuja akasimama mlangoni muda mrefu. Alikuwa bado hajazipeleka nguo za mtoto kokote. Mwishowe alikaa. Alinawa. Akakusanya wali kwa vidole, akauminya ukawa tonge, akauinua, mkono ukasimama nusu ya njia.

"Ambu," alisema, "sijui kama litapita."

Ambu Karsih alikwisha kumzunguka, amekaa nyuma yake, magoti yanamlaani.

"Likikwama nitakupiga mgongoni," alisema. "Nipo hapa. Kula."

Yoyoh akatia tonge kinywani. Akalitafuna polepole, machozi yanamtiririka, na Ambu Karsih akaweka kiganja katikati ya mabega yake yaliyokonda, akangoja ameze.